Mteja wa Kwanza

Halati alikuwa na imani moja ambayo sote dukani tuliicheka. Alisema kompyuta ya kaunta ina nyota, na nyota yake huamuliwa na mteja wa kwanza wa siku. Akianza mteja mkubwa, wa Lamu au Malindi, mashine hutulia mpaka magharibi. Akianza mama wa doti mbili, basi, siku imekwisha. Kufikia saa tano foleni iko barazani, kile kiduara kinazunguka kwenye skrini, na Halati amekaa mikono mapajani kama mtu aliye matangani.

"Waniona mjinga," aliniambia siku moja. "Lakini hiki kidude nimekaa nacho mie, si wewe."

Nikatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyesoma. Nimeandika haya kwa sababu ya tabasamu hilo. Kwanza sikuwa nimesoma kiasi hicho. Pili, Halati alikuwa sahihi.

Duka lenyewe ni la leso za jumla, kwenye kichochoro kinachochepuka kutoka Biashara Street kuingia Mji wa Kale. Watu wa bara huziita kanga. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na mteja wa jumla huchukua kwa korija, ishirini ishirini. Mwenye duka tunamwita Ami. Si ami yangu wa damu, alisoma chuoni na babangu, chuo cha Kurani nasema, na hilo kwetu latosha. Halati naye si dada wa mamangu, ni jirani yetu Kibokoni. Alianza kushika kaunta ile mie sijaingia nasari.

Mali nyingi hutoka kwa mkopo. Mteja wa Lamu anabeba korija hamsini, analipa nusu, nusu nyingine mpaka auze. Akirudi, kabla hujamfungia robota jingine, lazima ujue anadaiwa nini na tangu lini. Zamani hesabu hiyo ilikuwa kwenye madaftari mapana ya marehemu babake Ami, kila mteja na ukurasa wake. Ukitaka deni la mtu unafungua ukurasa wake, humsomi mwingine. Kumbuka hapo, nitaparudia.

Mwaka 2019 nikaja mie na kompyuta.

Nilikuwa nimeacha chuo kikuu mwaka mmoja kabla, Nairobi, nikiwa mwaka wa tatu. Sababu ninayowapa watu ni karo na ugonjwa wa babangu, na ni kweli. Sababu nisiyowapa ni kwamba nilikuwa nimeanza kuogopa mitihani, nikawa nalala hadi saa sita, na karo ilipokosekana sehemu fulani yangu ilishusha pumzi. Niliporudi watu waliniuliza, "Ushamaliza?" Nikajibu, "Alhamdulillahi." Si jibu hilo, lakini Mombasa lapita.

Kwa hiyo Ami alipotaka mtu wa kumtengenezea mfumo wa mauzo, aliambiwa yuko binti ana digrii ya kompyuta. Akawa ananitambulisha hivyo kwa wateja. "Huyu injinia wetu." Mara ya kwanza hukumkatiza mzee kwa kuona haya. Mara ya kumi uongo ushakuwa wako.

Kazi nayo niliifanya. Kompyuta moja nyuma ya duka ikawa seva, nikaweka SQL Server 2017, lile toleo la bure linaloitwa Express. Hilo la bure la 2017 lina mipaka yake: databesi haizidi GB 10, na kumbukumbu ya kufanyia kazi haizidi MB 1410 hata mashine ikiwa na zaidi. Kwa duka la leso ni bahari. Hesabu zenyewe nikaziandika kama prosija, yaani maagizo yanayokaa ndani ya databesi na kuitwa kwa jina. Kaunta inaita prosija, inaipa namba ya mteja na mwaka, inarudishiwa deni.

Kwa wasiowahi kuziona, prosija ni kama mpishi wa shughuli. Humfundishi pilau kila unapomwita. Unamwambia tu, "Pilau, watu mia nne," naye anajua aanze wapi. Mwaka ule wa kwanza mpishi wangu alikuwa mwepesi ajabu. Halati anabonyeza, deni linatoka kabla hajaondoa kidole. Ami alinilipa, akaniongezea na leso mbili za mamangu.

Nikaenda zangu kuandika. Hiyo ndiyo kazi ninayojiita nayo: makala, hadithi moja moja, maneno ya matangazo ya hoteli za ng'ambo ya Nyali ambako sijawahi kulala. Mambo ya duka yakawa ya simu. "Injinia, printa imekwama." Naenda, naichomoa, naichomeka tena, napewa hela ya tuktuk.

Miaka minne ikapita, na mistari ya mauzo ikawa zaidi ya laki sita.

Ramadhani ya 2023 iliangukia mwishoni mwa Machi hadi Aprili. Kwa mfanyabiashara wa nguo Mombasa, wiki za kuelekea Idi ndizo mwaka wenyewe, miezi mingine ni kusubiri. Na ni wiki hizo ndizo kaunta ilianza kuganda kweli. Si kila siku, na hilo ndilo lililoudhi. Jumatatu shwari, Jumanne mteja wa Lamu anasubiri deni lake dakika nne nzima, saa nane mchana, jua la Aprili, kafunga, na jahazi lake halimngojei. Jumatano shwari tena. Watu wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani.

Ami alinipigia. Nikaenda na laptopu yangu, nikakaa kwenye robota la leso pembeni ya kaunta, nikajiunga na seva. Ilikuwa siku nzito. Halati alikuwa ametoka kubonyeza namba ya yule mteja wa Lamu, na kiduara kilikuwa kinazunguka. Nikaita prosija ileile, namba ileile, mwaka uleule, kutoka kwenye laptopu.

Sekunde moja.

Nikarudia. Sekunde moja. Ami alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, nikisikia tasbihi yake. Aliangalia skrini yangu, akaangalia ya Halati, ambayo bado ilikuwa inazunguka.

"Mfumo uko sawa, Ami," nikasema.

Sikusema zaidi ya hapo, wala sikuhitaji. Kama mfumo uko sawa na mashine ni moja, kilichobaki ni mkono unaobonyeza. Ami aligeuza shingo polepole akamtazama Halati, miaka yote ile ya kaunta, na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Halati akanitazama mie. Nikafunga laptopu.

Nilijua kuna kitu. Jambo haliwezi kuwa sekunde moja huku na dakika nne kule bila sababu, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Lakini ningesema "sijui" mbele ya Ami, angeuliza vipi mwenye digrii hajui. Na lile swali nilikuwa nimelikimbia miaka mitano. Kwa hiyo nilisema neno ambalo lilikuwa kweli kwenye skrini yangu, nikapokea hela ya tuktuk, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Siku mbili baadaye nikasikia. Ami ana mpwa wake kamaliza kozi ya kompyuta, atakaa kaunta baada ya Idi. Halati apumzike, umri umekwenda.

Sasa, Ramadhani kwetu sahani hazilali nyumba moja. Jioni hiyohiyo mjukuu wa Halati akabisha mlango na bakuli la mbaazi za nazi na mahamri sita chini ya kitambaa. "Nyanya asema mle zingali moto." Mamangu akapokea, akashukuru, akanisukumia bakuli. Nilikula mahamri mawili. Wallahi sijui ladha yake.

Baada ya tarawehe nikampelekea bakuli lake, maana halirudi tupu, tulitia tambi. Nilimkuta kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi ya daku.

"Masalkheri, Halati."

"Masalkheri. Keti."

Nikaketi. Hakuniuliza kitu. Alimaliza nazi, akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule, la kurasa 64, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Akaniwekea mapajani.

"Wewe wapenda mambo ya kuandikwa," akasema. "Haya, soma."

Alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu, kama wanavyoandika wakubwa wetu wengi hapa Mji wa Kale, Kiswahili chetu hiki hiki lakini kwa khati ya chuoni. Sikuishika haraka, nilisoma kwa kidole kama mtoto wa juzuu. Kila mstari ulikuwa siku moja. Tarehe, jina la mteja wa kwanza, kisha neno moja kati ya mawili: nyepesi au nzito. Siku ishirini na tatu.

Kila siku iliyofunguliwa na mteja mkubwa ilikuwa nyepesi. Zile zilizofunguliwa na mteja mdogo zilikuwa nzito, zote isipokuwa mbili, na pembeni ya hizo mbili alikuwa ameandika: umeme ulikatika adhuhuri.

Nilikaa na hizo siku mbili muda mrefu. Umeme ukikatika seva inazima. Ikiwaka tena, mteja wa kwanza ni mwingine.

Usiku ule sikulala mpaka daku. Nilianza kutafuta, si kwa maneno yangu ya kujisifu, bali kwa maneno ya Halati: kwa nini prosija moja ni haraka asubuhi moja na nzito asubuhi nyingine, kwa nini ni haraka kwangu na nzito kaunta. Kumbe kuna Mswidi anaitwa Erland Sommarskog kaandika makala ndefu kama juzuu juu ya jambo hilohilo. Sisi wengine husoma mistari mitatu ya juu, tunanakili jibu, tunakwenda. Safari hii nilisoma yote.

Jambo lenyewe ni hili. Ukiiuliza databesi swali, haikimbilii kujibu. Kwanza inapanga njia. Inaweza kupitia indeksi, ambayo ni kama kufungua ukurasa wa mteja kwenye daftari la babake Ami, au inaweza kusoma jedwali zima tangu mwanzo hadi mwisho. Kila njia ina gharama, na seva inakisia gharama hizo kwa takwimu ilizojiwekea kuhusu data. Wazo hilo si la juzi: Patricia Selinger na wenzake wa IBM kule San Jose walilichapisha mwaka 1979, na mpaka leo databesi karibu zote kubwa zimesimama juu yake. Zamani sana, kabla mamangu hajaolewa.

Kupanga njia kunakula muda, kwa hiyo seva ikishapanga kwa ajili ya prosija inauweka ule mpango kumbukumbuni na kuutumia tena. Busara tupu. Ila inaupanga kwa kumwangalia mteja aliyekuja mara ya kwanza.

Rudi kwa mpishi. Siku ya kwanza unamwambia, "Pilau, watu wanne." Anatoa kisufuria. Kesho unamwambia, "Pilau, watu mia nne," naye, kwa kuwa kashaamua, anatoa kisufuria kilekile na kupika watu wanne wanne, mara mia. Hakosei kupika, pilau inatoka na tamu vilevile, lakini wageni washakwenda zao.

Mama wa doti mbili ana mistari thelathini kwenye jedwali. Kwa mistari thelathini njia bora ni kuchungulia indeksi, kisha kwenda kuchukua kila mstari mmoja mmoja, na kwa kila mmoja kutafuta malipo yake. Mteja wa Lamu ana mistari elfu arubaini na kitu. Njia hiyohiyo kwake ni safari elfu arubaini, kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, ndani ya mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 ambayo pia inafungua mawaidha ya YouTube ya Ami. Akianza wa Lamu, seva inachagua kusoma jedwali zima kwa mkupuo. Mama wa doti mbili atasubiri sekunde sita ambazo hakustahili, lakini hakuna atakayesubiri dakika nne.

Na kila jioni Ami huzima swichi kuu ya duka. Jengo ni la mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, nyaya zake ni za enzi ya mjomba wake, anaogopa moto. Kila jioni kumbukumbu inafutika. Kila asubuhi mpishi anasubiri oda ya kwanza ili aamue sufuria.

Ile sekunde moja yangu nayo ina maelezo, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Programu ya kaunta na programu niliyotumia kwenye laptopu zinaingia kwenye seva na mipangilio inayotofautiana kidogo. Mmoja unaitwa ARITHABORT, jina la kuchekesha, kwangu umewashwa, kaunta umezimwa. Ukitofautiana, seva inawatengenezea mipango miwili mbali mbali. Mie niliuliza kwanza kuhusu mteja wa Lamu, nikapangiwa njia ya Lamu. Halati alikuwa amebaki na kisufuria cha asubuhi. Tulikuwa tumekaa hatua mbili, tunauliza swali moja, tunapikiwa na wapishi wawili. Nami nikaufanya ushahidi juu yake.

Kitu cha mwisho usiku ule nilifungua prosija yenyewe, ambayo sikuwa nimeitazama tangu 2019. Juu kabisa kulikuwa na jina langu kamili, na chini yake maelezo kwa mkono wangu: itarekebishwa baadaye. Nilikuwa nimetaka safu zote za jedwali, hata ile ya maelezo marefu ambayo kaunta haionyeshi, kwa uvivu wa kuandika kinyota badala ya majina sita. Nilikuwa nimeifunga tarehe ndani ya YEAR ili nilinganishe mwaka, jambo ambalo linaizuia seva kutumia tarehe zilizo kwenye indeksi kurukia pale panapotakiwa. Lazima ikokotoe mwaka wa kila mstari kwanza. Ni kama kumwambia karani asome kila risiti ya mteja tangu duka lifunguliwe, atoe mwaka, ndipo aulize kama ndio unaotakiwa, wakati risiti zimepangwa kwa tarehe mbele yake. Hayo si makosa ya mtu asiye na digrii. Nimeyaona kwa wenye nazo. Ni makosa ya mtu aliyepima kwa mistari mia mbili na kuona inapita.

Asubuhi nilifika dukani kabla ya Ami. Halati alikuwa anafagia mlango.

"Leo niachie niseme nani wa kwanza," nikamwambia.

Hakunihoji. Tulianza na namba ya Lamu, mwenyewe hayupo, tuliiuliza tu. Sekunde saba. Kutwa nzima hakuna aliyezidi nane. Kesho yake tukaanza na mama mmoja wa Bondeni aliyechukua doti tatu. Papo hapo. Saa nne tukauliza wa Lamu, Halati akatoa saa yake ya mkononi akaiweka kaunta. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Hakucheka. Alifungua daftari lake akaandika mstari wa siku hiyo: nzito.

Kurekebisha kulichukua jioni moja, baada ya kufuturu. Nikataja safu sita kwa majina. Tarehe nikaiacha peke yake, nikasema kuanzia siku fulani mpaka kabla ya siku fulani. Nikatengeneza indeksi ya mteja na tarehe, na nikazibeba zile safu nyingine humohumo ndani ya indeksi, ili seva isilazimike kwenda tena kwenye jedwali kuchukua kilichobaki. Hapo tu, yule wa Lamu akashuka kutoka dakika nne hadi chini ya sekunde mbili hata akija baada ya mteja mdogo. Kisha mwishoni mwa kwiri nikaweka agizo moja, RECOMPILE, ambalo maana yake ni: usikumbuke, panga upya kila mara. Ukilisema hilo kwenye benki inayoulizwa mara elfu kwa sekunde watakufukuza, kupanga upya kuna gharama. Kuna njia nyingine ya kuiambia seva ijifanye daima ni mteja mkubwa anayeuliza. Niliijaribu, ikawa inawachelewesha wadogo bila sababu. Duka la leso, hata kumi la mwisho la Ramadhani, halichoki kupanga upya. Sasa kila mteja anapikiwa kwa sufuria yake.

Kazi ya jioni moja. Nimewahi kutumia wiki nzima nikitafuta sentensi ya kwanza ya makala.

Ami nilimkuta alasiri, barazani, anasoma. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima kutoka Kibokoni, nikayasahau yote.

"Ami, kaunta haikuwa Halati. Ilikuwa mie. Ile siku niliposema mfumo uko sawa, haukuwa sawa."

"Ushautengeneza?"

"Ushatengenezeka."

"Basi."

Angeniacha hapo. Alikuwa ashainamisha kichwa kwenye kitabu. Ningekunywa maji magharibi nikiwa mtu mzima, na Halati angebaki kaunta, na hakuna ambaye angejua lingine. Sijui hasa kwa nini niliendelea. Labda kwa sababu ya lile daftari la kurasa 64.

"Na sina digrii, Ami. Niliacha mwaka wa tatu."

Alifunga kitabu na kidole ndani. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba mkokoteni wa maji ulipita, ukateremka, ukapotea kona.

"Nimewaambia watu," akasema. "Nimewaambia watu wangapi."

Hilo ndilo lililomuuma, na nilielewa. Si mashine, mashine huharibika. Nilikuwa nimemfanya mzee wa watu aseme uongo kwa kinywa chake, miaka minne, mbele ya wateja wake. Hakunifokea. Akaniambia pesa ya kazi hii hanilipi, nami sikuwa nimeiomba. Akaniambia nisimwendee babangu na hadithi hii, atamwambia mwenyewe. Alimwambia. Hiyo ni makala nyingine, na sijui kama nitaiandika.

Mpwa alikuja baada ya Idi kama ilivyosemwa, maana neno lilikuwa limeshatoka. Ila Halati hakuondoka. Sasa wako wawili kaunta, kijana anapiga risiti, Halati anashika madeni, na mshahara wake, nasikia, haukuguswa. Kijana ni mzuri. Mwezi wa kwanza aliniuliza kwa nini hatutumii mfumo wa mtandaoni kama watu wa kisasa. Nikamwambia amuulize Ami kuhusu bili ya intaneti.

Kwa Halati niliomba msamaha mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Yamepita." Mara ya pili, miezi baadaye, tukirudi pamoja kutoka Marikiti na ndizi zetu, alisema kitu kingine. Alisema, "Uliniangalia ukafunga kile kijikompyuta chako. Hilo ndilo." Akabadilisha mkono wa kikapu, tukaendelea kutembea.

Mie bado naandika, bado nachomoa printa. Wanaponitambulisha siku hizi Ami husema, "Huyu anatutazamia kompyuta," na hapo anasimama.

Wiki iliyopita nilipita mapema, nikamkuta Halati peke yake. Duka halijafunguliwa vizuri, mlango mmoja bado umeegeshwa. Alikuwa ameinamia kaunta, na kwa kidole kimoja, polepole, alikuwa anaandika namba ya mteja wa Lamu. Deni likatoka palepale. Hakulisoma. Akafuta, akakaa kusubiri watu.

Nikamwambia tena kwamba haina haja sasa, anaweza kuanza na yeyote.

"Najua," akasema, akavuta daftari karibu.